Abiria Akikutukana Kazini: Mwongozo Kamili kwa Wenzetu wa JKIA na Wilson

Abiria anayekufokea kaunta amekuletea vitu viwili kwa pamoja: shida yake na matusi yake. Shida ishughulikie haraka na kwa moyo wote, hata kama mwenye nayo anakera. Matusi yawekee mpaka, kisha yaandike. Karibu kila ugomvi unaotuharibikia mikononi unaharibika kwa kuvichanganya hivyo viwili. Kuna anayemnyima mtu haki yake kwa sababu ana mdomo mchafu, na kuna anayevumilia kusukumwa kifuani kwa sababu aliyemsukuma alikuwa na haki ya kulalamika.

Nawaandikia wanaoanza kazi kwenye viwanja viwili vya ndege vya Nairobi, Jomo Kenyatta (JKIA) na Wilson: kaunta, getini, kwenye dawati la mizigo na ndani ya ndege. Wakongwe nao wausome, maana sisi ndio tuliozoea kusema "ni kawaida". Hali haipoi. IATA, muungano wa mashirika ya ndege duniani, ulihesabu tukio 1 la abiria mkorofi kwa kila safari 568 mwaka 2022. Mwaka 2023 likawa tukio 1 kwa kila safari 480. Hayo ni yaliyoripotiwa. Matusi mengi ya kaunta hatuyaandiki kabisa.

Hatua ya kwanza: jiandae kabla foleni haijafunguliwa

Ukitaka kumwelewa anayefika mbele yako amekunja uso, fuata njia aliyopita. Ametoka Rongai au Kikuyu, akakwama Mombasa Road. Kwenye ukaguzi wa barabarani ameshushwa garini apite kwa miguu kwenye mashine huku dereva akipitia upande mwingine. Mlangoni mwa jengo la abiria ameweka mizigo kwenye mashine tena. Amepanga foleni. Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyemtazama usoni, na jina lako liko kifuani.

Tena JKIA si kila msafiri ni wa mikutano na mapumziko. Yupo binti anayekwenda kazi za nyumbani Ghuba, hajawahi kupanda ndege, tiketi imepatikana kwa mkopo na jamaa wote wamemsindikiza. Ukimwambia karatasi moja imepungua, anaona deni, aibu ya kurudi kijijini na wakala asiyeshika simu. Hilo halimpi yeye wala kaka yake ruhusa ya kukutukana, ila linakusaidia kusikia kinachosemwa chini ya kelele.

Kwa hiyo, kabla ya zamu, usiondoke kwenye kikao cha maelekezo bila kujua ndege ipi imejaa kupita kiasi, ipi imechelewa na kwa sababu gani, nani ana mamlaka ya kutoa chakula au chumba cha hoteli leo, na msimamizi wa zamu anapatikana kwa njia gani. Jua pia askari wa karibu amesimama wapi. Kubalianeni neno moja la kuitana kwenye redio, neno la kawaida lisilomshtua abiria, ambalo likisikika mwenzako anasogea bila kuuliza.

Siku mbaya zaidi ni zile ambazo kosa si la abiria wala lako: umeme ulipokatika usiku wa 25 Agosti 2023, au mgomo wa 11 Septemba 2024 uliokwamisha watu wengi nje ya majengo. Siku kama hizo kinachowasha moto ni ukimya. Toa taarifa kila nusu saa, hata kama taarifa yenyewe ni kwamba hakuna jipya, na utaje saa utakayorudi kusema tena. Kisha rudi saa hiyo hiyo. Watu huvumilia kusubiri kuliko tunavyodhani. Kusahauliwa ndiko wasikokuvumilia.

Hatua ya pili: dakika mbili za kwanza

Mwache amalize. Ni vigumu, lakini mtu mwenye hasira akikatizwa huanza upya, kwa sauti ya juu zaidi. Simama kama umekaa, weka mikono mahali inapoonekana, shusha sauti yako chini ya yake. Mwite kwa heshima anayoitwa nyumbani kwao: Mzee, Mama, Bwana fulani, Dada. Jina liko kwenye tiketi, litumie.

Usimwambie "tulia". Sijaona aliyetulia kwa kuambiwa atulie. Usianze na "sera ya kampuni" pia, kwani anachosikia hapo ni mlango unafungwa. Anza kwa kurudia shida yake kwa maneno yako, kisha sema ukweli, sababu na njia zilizopo:

"Mama, nimekuelewa, una harusi kesho na zawadi zimo humu. Begi limefika kilo 29 na tiketi yako inaruhusu 23. Unaweza kuhamishia nyingine kwenye begi la mwenzako, unaweza kulipia hizi 6, au mwanao aliyekusindikiza arudi nazo. Unaonaje?"

Mtu aliyepewa la kuchagua hana sababu kubwa ya kupigana. Aliyeambiwa "haiwezekani" amebakiwa na sauti yake tu.

Suala la viza ndilo gumu kuliko yote, na hapa nakaa kidogo. Abiria anaamini anapita tu uwanja wa nchi fulani, hivyo viza ya nini? Hajui kwamba tiketi zake ni mbili tofauti, kwamba itambidi atoke achukue mizigo yake na kuingia tena, na kutoka huko ni kuingia nchi ya watu. Hajui pia kwamba shirika likimpeleka bila karatasi kamili linatozwa faini na kulazimika kumrudisha. Mweleze hivyo hivyo. Kisha chapisha ukurasa wa Timatic, mfumo tunaotumia kukagua masharti ya kila nchi, umwonyeshe mstari unaomhusu. Akiona kwenye karatasi, hasira yake inahama kutoka kwako kwenda kwa sharti. Video iliyosambaa Februari 2025 ya mzozo pale JKIA, ambayo watu wa nchi zaidi ya moja waliijadili kwa siku nyingi, ilianzia kwenye viza.

Kwenye dawati la mizigo, dawa ni kumpa mtu njia rasmi badala ya pole peke yake. Kenya imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kikomo cha fidia ya mizigo tangu 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani. Mjazie ripoti ya mzigo kabla hajaondoka, mpe nakala, mzungushie namba kwa kalamu. Wapo mabosi wasiopenda tuwaambie abiria haya. Nayasema, kwa sababu anayejua pa kudai hana haja ya kukukaba wewe koo.

Akisema "niite mkubwa wako", muite. Usingoje aseme mara tatu. Sura mpya mara nyingi huvunja ugomvi, na msimamizi anayekuja hupaswi kumwachia aanze kuuliza abiria upya: mweleze kwa sentensi mbili, abiria akisikia, bila kuongeza chumvi.

Wale wa "unajua mimi ni nani?" nao wajibiwe kwa adabu ile ile. "Nakutambua, Mheshimiwa. Kaunta imefungwa dakika kumi zilizopita na orodha imeshaenda kwenye ndege. Naweza kukutafutia nafasi ya saa nne usiku sasa hivi." Usimbishie ukubwa wake. Ndege haitamngoja, lakini hakuna haja ya kumvua nguo mbele ya foleni.

Na jambo moja la kwetu: usigeuke kumwambia mwenzako kitu kwa Kikuyu, Kijaluo, Kikamba au lugha yoyote ambayo abiria huyo haijui. Hata ukiuliza kalamu, atajua anasengenywa, na kutoka hapo ugomvi wa mzigo umekuwa wa kabila.

Hatua ya tatu: matusi yakianza

Kulalamika kwa sauti kubwa si matusi. "Shirika lenu ni bovu", "mmenipotezea siku", "sitapanda ndege yenu tena" ni maneno ya mteja aliyeumia, na ana haki nayo. Matusi ni pale anapokugeukia wewe: sura yako, akili zako, mama yako, kabila lako, mwili wako.

Hapo toa onyo moja, la wazi, lenye mlango uliobaki wazi:

"Bwana, niko tayari kukutafutia ndege nyingine. Ukiendelea kuniita hivyo nitasimamisha huduma na kumwita msimamizi pamoja na usalama."

Sema tu kile utakachokifanya na ulicho na mamlaka nacho. Usimtishie kuwa hatapanda ndege kama uamuzi huo si wako, kwa sababu msimamizi akimruhusu, zamu nzima imepoteza uso. Akirudia, simamisha huduma kweli. Acha kompyuta, rudi hatua moja, ita. Anayeonywa mara tano amefundishwa kwamba maonyo hayana kitu.

Matusi ya kikabila, ya rangi au ya kimapenzi hayahitaji onyo. Ita msimamizi hapo hapo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza maneno ya kuchochea dharau za kikabila, nayo haisemi kwamba aliyelipa nauli ameruhusiwa.

Tumefundishwa kwamba mteja ni mfalme. Mimi sikubaliani na fundisho hilo linapotafsiriwa kuwa mhudumu ni mtumwa, na nawaomba mameneja waliache. Lakini nasema pia na wenzangu: wapo miongoni mwetu wanaolipiza kimya kimya. Wanachapa polepole makusudi, wanamweka mtu kiti cha kati mbali na mtoto wake, wanafunga kaunta zamu yake ikifika. Huo nao ni ukorofi, na siku utakapohitaji ushahidi dhidi ya abiria, kamera itakuwa imeuona wa kwako kwanza.

Hatua ya nne: mikono ikipanda

Ngumi hutanguliwa na dalili: anaegemea juu ya kaunta, anapiga meza, anatupa pasipoti, anaanza kutembea huku na huku, ananyamaza ghafla akikukazia macho. Usingoje ngumi. Tumia neno lenu la redio.

Kaunta ibaki kati yenu. Usiitoke kumfuata. Usimshike mkono, usimpokonye simu, na using'ang'anie pasipoti yake. Iweke juu ya kaunta uiachie. Mwenzako aondoe foleni nyuma yake, hasa watoto na wazee, pamoja na vile vyuma vya kufungia kamba za foleni, kwa sababu hurushwa. Usalama wa kiwanja wakifika waache wafanye kazi yao. Wewe kaa kando ambapo hakuoni, maana sura yako inamwasha tena. Kama ameshapiga, au amekushika, au ameharibu kitu, omba polisi wa kiwanja waitwe, hata akianza kuomba msamaha.

Mlevi atambuliwe getini. Hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo jambo linamalizika kwa gharama ndogo: anashushwa, anapumzika, anasafiri kesho. Mkimpitisha kwa huruma mkitumaini atalala, mmewaachia tatizo wahudumu walio angani mbali na msaada. Pale Wilson ni mbaya zaidi. Kwenye ndege ndogo za kwenda mbuga ya Maasai Mara anaweza kuwepo rubani tu, bila mhudumu. Aliye pale mlangoni ardhini ndiye ulinzi wote uliopo, na ugomvi wa begi la kilo 15 umalizwe kabla mtu hajapanda.

Hatua ya tano: ndani ya ndege

Wahudumu wa ndege mna mafunzo yenu, nami sitawafundisha kufunga pingu. Naweka mawili matatu tu.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linagawa matukio katika ngazi nne: maneno na ukaidi; kushambulia kwa mwili; kutishia uhai; kujaribu kuingia chumba cha marubani. Mpigie kapteni ukiwa ngazi ya kwanza. Wahudumu wengi husubiri ya pili kwa kuona haya kumsumbua. Kapteni hawezi kuamua kwa habari asiyo nayo.

Kwa Mkataba wa Tokyo wa 1963, tangu milango yote inapofungwa hadi mmoja unapofunguliwa kushusha watu, kapteni ana mamlaka ya kuamuru mtu azuiwe, kumshusha, na kumkabidhi kwa polisi wa nchi mnakotua. Tatizo la zamani lilikuwa kwamba kesi ilihusu hasa nchi ilikosajiliwa ndege, hivyo mkorofi alitua nchi nyingine akatembea huru. Itifaki ya Montreal ya 2014, iliyoanza kutumika 1 Januari 2020, iliongeza nguvu kwa nchi ya kutua na nchi ya shirika lenyewe, kwa mataifa yaliyoiridhia. Kwenu maana yake ni moja: ripoti itakayokabidhiwa polisi mlangoni iwe imeandikwa kabla ya kutua.

Kuhusu pombe, hesabuni pamoja. Mhudumu wa mbele anatoa glasi, wa nyuma anatoa nyingine, hakuna anayejua jumla. Ambianeni namba ya kiti. Chupa aliyonunua mwenyewe dukani haifunguliwi ndani. Ichukueni kwa upole, iwekeni lebo, arudishiwe akishuka. Anayekushika makalio au matiti akidai ni mzaha amefanya kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na kifungu cha 11A kinafika miaka 5 gerezani. Usibadilishiwe upande wa ndege ukaambiwa yaishe. Kubadilishiwa upande, sawa; yaishe, hapana.

Hatua ya sita: andika kabla hujavua sare

Hapa ndipo wengi wetu tunaachia haki yetu iende. Kesho utakuwa umesahau maneno, na shahidi wako atakuwa zamu nyingine.

Andika saa, namba ya ndege, mahali, jambo lililoanzisha, maneno yenyewe kwa lugha yaliyotamkwa bila kuyasafisha, ulichojibu, onyo ulilotoa, nani aliona. "Abiria alikuwa mkali" haisaidii mtu. Hivi ndivyo inavyosaidia:

"Saa 3:40 usiku, kaunta namba 14. Abiria alifahamishwa kuwa mzigo umezidi kilo 6. Akasema: 'Wewe mjinga, umeajiriwa na mjomba wako.' Nilimwonya mara moja. Akarusha pasipoti, ikanipiga shavuni kushoto. Mwenzangu wa kaunta 15 na abiria wawili waliona. Msimamizi alifika saa 3:44."

Omba kwa maandishi siku hiyo hiyo picha za kamera za usalama za saa na mahali hapo zihifadhiwe, kwa kuwa rekodi hufutika. Kisha nenda kituo cha polisi cha kiwanja, taarifa iingie kwenye kitabu cha matukio (OB), na usiondoke bila namba yake. Ukiwa umeumia, hata mkwaruzo, chukua P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari. Kuumia kazini pia ni jambo la Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, hivyo mwajiri aarifiwe rasmi, kwa karatasi yenye tarehe.

Jua pia unachoripoti. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kuzua fujo inayoweza kuvunja amani ni kifungu cha 95, hadi miezi 6. Shambulio la kawaida ni kifungu cha 250, hadi mwaka 1. Shambulio lililosababisha jeraha ni 251, hadi miaka 5. Mlalamikaji ni wewe; shirika haliwezi kusimama kizimbani kueleza ulichoambiwa. Kesi hufa mlalamikaji asipofika, kwa hiyo kabla hujaandika taarifa, muulize meneja waziwazi kama utapewa ruhusa siku za mahakama na nani atakusindikiza. Akisita, nenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Simu inayorekodi

Abiria atakurekodi. Usiifunike kamera kwa kiganja na usinyang'anye simu. Picha ya mkono wako ndiyo itakayozunguka. Ongea ukijua nchi nzima inasikia, kwa sentensi zile zile za adabu. Unaweza kusema: "Naomba usirekodi pasipoti na skrini, zina taarifa za abiria wengine." Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wako hapo. Video ikisambaa, usijibu mtandaoni, wala dada yako asikujibie. Wala wewe usitoe jina la abiria, tiketi yake au picha yake kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Hapo sheria ile ile inakugeukia.

Baada ya yote

Msimamizi, mtoe aliyetukanwa mbele ya foleni kwa dakika kumi angalau. Maji, kiti, mtu wa kukaa naye. Usimuulize kwanza "ulimwambia nini?", swali hilo lina wakati wake, na wakati wake ni ripoti. Akitetemeka au akilia siku za baadaye, apelekwe kwa mshauri ambaye kampuni inamlipia, na kama kampuni haina, hilo liingie kwenye madai ya mkutano ujao wa chama.

Mkikubaliana abiria aombwe radhi, iwe kwa kosa lililokuwepo: ndege kuchelewa, mzigo kupotea. Mfanyakazi asilazimishwe kuomba radhi kwa kutukanwa.

Na abiria huyo atarudi, labda kesho yake kwenye ndege aliyohamishiwa. Kabla hajafika, msimamizi asome ripoti ya jana, ahakikishe karatasi na malipo yake yako sawa, na amweke kaunta ya mtu mwingine, askari akiwa karibu lakini asimsimamie kichwani. Asalimiwe kama yeyote. Mzigo wake upimwe kwa mzani ule ule, kwa kilo zile zile.